Likizo ya Mama Togar Kisiwani Samosir

Mama Togar alikuwa ameketi ukingoni, maji ya Ziwa Toba yakimpoza miguu hadi magotini, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuna aliyekuwa akimwita jikoni. Kule nyumbani Medan kila sherehe ya ukoo ilimkuta karoni. Alipopanda feri kuja kisiwani alimwapia mumewe: siku tatu, hata kijiko hagusi.

Laiti angemfunga mume huyo mdomo!

"Mama Togar," mumewe Hasudungan alikuja akijikuna kisogo, "kuna jambo dogo."

"Mambo yako madogo nayajua. Umemwambia nani?"

"Muuza samaki tu. Kaniuliza mke wangu ukoo gani, nikasema Simbolon. Kumbe naye Simbolon! Kesho ukoo wao unabariki nyumba mpya, wanatusubiri."

"Wanasubiri vibarua!" Kwa kabila lao la Wabatak, aliyeoa binti wa ukoo ndiye mpishi na mwosha vyombo wa ukoo huo, yeye na mkewe, na udhuru haupokelewi. Mama Togar alizitazama kuta za volkano zilizolizunguka ziwa, akatamani ilipuke tena, angalau kidogo, upande wa nyumba hiyo. Kisha akalia kwa hasira. "Ulimi wako, Baba Togar! Ulimi wako!"

Kesho yake alikuwa uani, mikono povu tupu. Mumewe alikata nyama ya nguruwe huku mashemeji wakimcheka.

"Shemeji, hicho kisu au mwiko?"

Ndani, mwenye nyumba, Monang Simbolon, alianza kuhutubia, akaishia kuonyesha mkeka mmoja kwa kidole. Ulikuwa mkeka wa mjomba, kaka wa mama, ambaye kwa mila yao huheshimiwa na kuhudumiwa na wote, nao ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mtu wa kumvika ulos, shuka la baraka.

"Mama yangu alikuwa binti Nainggolan," alisema. "Wa kwao walitawanyika ng'ambo ya ziwa, hatujui walipo. Leo atanivika jirani."

Sahani ikamponyoka Mama Togar. Nainggolan ndio ukoo wa mumewe! Hasudungan mwenyewe hakuweza kutaja mtu zaidi ya babu yake, lakini mkewe alikaririshwa nasaba yote na mama mkwe, jina kwa jina, mwaka mzima wa kwanza wa ndoa. Aliingia na aproni yake ikichuruzika maji.

"Babu wa mama yako aliitwa nani?"

"We mama, rudi jikoni," shemeji mmoja wa Hasudungan alifoka.

"Nyamaza wewe! Monang, nakuuliza."

"Ompu Jamaruhum," alijibu, akimtaja kwa heshima ya babu.

"Ompu Jamaruhum alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, Ompu Saludung, aliyehama kisiwa kwa ugomvi wa nyati. Saludung akamzaa Kilian. Kilian akamzaa huyo mnayemcheka na kisu chake. Kwa hesabu yetu huyo ni kaka wa mama yako. Ni mjomba wako!"

Shangazi mmoja mzee aliinuka pembeni. "Nyati wa namna gani?"

"Wa pembe moja!"

"Ndiye!" bibi akapiga kelele. "Ndiye huyo huyo! Baba yangu alikuwa jirani yao, alimsimulia nyati huyo mpaka anakufa!"

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Hasudungan aliburutwa kutoka uani na damu ya nguruwe mikononi, akanawishwa na mashemeji wale wale, akakalishwa mkekani akiwa ameduwaa. Monang, mwanamume mzima mwenye masharubu, alimkumbatia akalia kama mtoto. "Mjomba! Mjomba wangu!"

Mama Togar alitoa mkobani ulos yake mwenyewe. Yeye na mumewe wakamvika Monang mabegani, na Mama Togar aliposema maneno ya baraka sauti yake ilisikika hadi gatini.

Taya la nguruwe, fungu la heshima, likawekwa mbele yao. Walikula wakashiba. Vyombo vilipoanza kurundikana, Hasudungan, kwa mazoea, akainuka kwenda kuvikusanya.

Mkewe akamvuta shati.

"Kaa chini, mjomba wa watu," alisema, akanyoosha miguu mkekani. "Na wewe kaka mwenye kufoka, chai yetu iko wapi?"