Pete Ishirini za Fundi Ubaldo

Siku ile ya kwanza, miaka kumi na moja iliyopita, Ubaldo hakusema uongo. Aliinua mikono tu. Mgeni mmoja mnene, ambaye jua la Varadero lilikuwa limemwivisha kama kamba wa kuchemsha, alinusa sigara aliyouziwa pale mchangani, moja ya zile sigara nene za majani matupu, akafumba macho, akauliza nani kaisokota. Ubaldo akanyanyua mikono yake miwili, vidole vimetanuka, akasema, "Mikono hii." Na kweli mikono hiyo ndiyo iliyoibeba kutoka nyumbani Santa Marta mpaka ufukoni, kwa baiskeli isiyo na breki. Kama mgeni alielewa zaidi ya hapo, hilo lilikuwa shauri lake.

Mgeni aliitwa Gaston, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji huko Quebec, na tangu siku ile hakumwita Ubaldo kwa jina jingine ila Fundi. Kila Februari alirudi na mkewe Lisette, hoteli ile ile, viti vile vile chini ya kivuli cha makuti, na kila mwisho wa likizo aliondoka na sigara ishirini, ambazo ndizo forodha humwachia mtu apite nazo bila karatasi za duka. Kihispania alijifunzia kwa Ubaldo, ndiyo maana kilijaa chumvi.

Maana Ubaldo alikuwa na kinywa. Miaka thelathini na minne kiwandani hakuwahi kusokota hata sigara moja. Yeye alikuwa msomaji. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha juu mbele ya wasokotaji mia mbili na kuwasomea kwa sauti, magazeti asubuhi, riwaya mchana, ili vidole vifanye kazi na akili isisinzie. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja alisoma sura ya kuzama kwa meli kwa uchungu mkubwa mpaka machozi ya wasokotaji yakalowesha majani, sigara za wiki ile zikatoka na ladha ya bahari, na mfalme mmoja wa Ulaya akaandika barua kuomba nyingine. Barua hiyo hakuna aliyewahi kuiona.

Aliyesokota alikuwa Nereida, meza ya tatu, safu ya dirishani. Wasokotaji hawapigi makofi, mikono yao ina kazi. Usomaji ukiwapendeza hugonga meza kwa chaveta, kile kisu bapa cha nusu mwezi wanachokatia majani. Usipowapendeza, hukiangusha sakafuni. Ubaldo aliujua mlio wa chaveta ya Nereida kabla hajaijua sura yake: ko, ko, mara mbili, mkavu, baada ya wengine wote kunyamaza. Alimwoa kwa ajili ya mlio huo.

Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu. Nereida alikuwa na meza ndogo dirishani mwa jiko, akisokota majani aliyoletewa na binamu yake mkulima wa Pinar del Río, na Ubaldo alizipeleka sigara kwa wenye ngozi za kuungua. Nereida aliijua habari ya Fundi tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza aliicheka. Mwaka wa tano alitabasamu kidogo. Mwaka wa tisa aliuliza kama kuna siku mgeni huyo ataacha kumwita bibi wa mihogo, maana Gaston alikuja kula chakula cha mchana kwao mara moja kila likizo, na siku hiyo meza ya majani ilisukumwa chumbani na kufunikwa shuka. Ubaldo alikuwa amemweleza kwamba jani la tumbaku lina haya. Likitazamwa na mgeni hukakamaa, sigara ikawa haivutiki. Gaston aliamini. Alikuwa mtu wa kuamini, na kwa hilo Ubaldo alimpenda kuliko ndugu.

Mwaka huu Gaston alikuja na kijisanduku. Walipomaliza wali wa maharage meusi alikifungua juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayefungua mtego wa panya. Ndani mlikuwa na pete za karatasi, zile wanazovishwa sigara kiunoni, ishirini, zenye ukingo wa dhahabu. Katikati ya kila moja ilikuwepo picha ya Ubaldo na kofia yake ya makuti, na maandishi: Fundi Ubaldo, Santa Marta. Gaston akaeleza kwamba binti yake Maude anaolewa mwezi wa nne, na kwamba wanaume ishirini wa meza kuu watavuta kila mmoja sigara yenye pete hiyo. "Nataka wote wamjue rafiki yangu," akasema, akapenga kamasi kwa kitambaa cha meza.

Ubaldo naye machozi yalimtoka. Nereida akafuta mikono kwenye aproni, akachukua pete moja, akaijaribu kwenye kidole gumba.

"Umetoka vizuri," akamwambia mumewe. "Hata masikio wamekupunguzia."

Wageni walipoondoka aliifunga chaveta yake ndani ya kitambaa, akaitia kwenye droo ya sukari, akaketi kumenya mihogo. Ubaldo akamkumbusha kwamba Gaston anapanda ndege Jumamosi na leo ni Jumanne, kwa hiyo ingefaa aanze mapema. Nereida akasema sawa, aanze.

"Nani aanze?"

"Mwenye sura ndiye asokote."

Alidhani ni utani. Jumatano akampelekea kahawa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu walipofunga ndoa, akamwimbia, akamsifia nywele. Nereida alikunywa kahawa, akaomba kikombe cha pili. Mchana alipoona mumewe hachoki kuzunguka kiti chake, akasema aliyokuwa nayo moyoni.

"Miaka kumi na moja umekula jina langu, nikasema acha, ni njaa tu. Sasa umeliwekea na picha. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ataniona tapeli, mke wangu. Hatarudi tena."

"Wewe utaonekana tapeli. Mimi sijaonekana kabisa."

Ubaldo alijiona kati ya mawili, yote mabaya. Akinyamaza, Gaston atarudi kwao mikono mitupu, na pete zake ishirini hazitakuwa na cha kuvisha. Akisema, ule urafiki uliokaa juu ya neno Fundi utaporomoka, na Februari ijayo viti viwili chini ya makuti vitakuwa vya watu wengine.

Alhamisi akachagua njia ya tatu, kama wafanyavyo wenye vinywa. Miaka thelathini na minne amewatazama wasokotaji mia mbili kutoka kwenye kiti cha juu; bila shaka kitu kitakuwa kimemwingia. Akaivuta meza dirishani, akatandika majani, akaanza. Sigara ya kwanza ilitoka kama nyoka aliyemeza chura. Ya pili ilijifungua yenyewe taratibu, ikahema, ikalala. Ya tatu aliibandika kwa maji ya wali, ikamganda kwenye ndevu. Alipoiwasha ya nne, iliungua upande mmoja tu, na jirani yao Eusebio akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama wanachoma godoro. Mpaka saa kumi alikuwa amemaliza majani ya kutosha sigara arobaini, na mezani pamebaki sigara moja, ile ya chura, maana nyingine zote zilikuwa zimekataa kuitwa chochote.

Nereida akapita kuchukua maji. Akaitazama. Akaenda kwenye droo ya sukari, akatoa chaveta, na moyo wa Ubaldo ukaruka kwa matumaini. Nereida akainyanyua mpaka usawa wa kifua, akafungua vidole. Ikaanguka sakafuni, ikalia, ikazunguka, ikatulia.

Miaka thelathini na minne, hata alipowasomea hotuba ya muda wa saa tatu kuhusu mbolea, mwanamke huyu hakuwahi kumwangushia. Ubaldo akainama kuiokota, akaifuta kwa shati lake, akairudisha mezani. Kisha akatafuta karatasi na kalamu.

Ijumaa asubuhi alikwenda ufukoni bila bidhaa, akamwalika Gaston na Lisette nyumbani alasiri. Walipofika aliwaketisha sebuleni, akaacha mlango wa jiko wazi. Akapandisha kigoda juu ya sanduku la bia, akapanda yeye juu ya kigoda, akavaa miwani, akakunjua karatasi, akaanza kusoma kwa ile sauti ambayo zamani ilifika mpaka ghalani.

Alisoma habari ya mtu mmoja mwenye kinywa kipana na mikono isiyojua kitu, aliyeinua mikono hiyo mbele ya mgeni mwema. Alisoma habari ya shuka iliyofunika meza. Yalikuwa maandishi ya kwanza maishani mwake aliyoyasoma bila kuongeza lake. Mwishoni akasoma: "Sigara zote alizovuta Gaston miaka kumi na moja, na zote alizobeba kwenda kwao, zilisokotwa na Nereida Bacallao, meza ya tatu, safu ya dirishani. Aliyekuwa akizibeba alikuwa msomaji tu."

Jikoni kisu cha mihogo kilikuwa kimenyamaza. Gaston alizidi kuwa mwekundu, jambo ambalo hakuna aliyedhani linawezekana. Akauliza, "Na jani? Ile haya ya jani?"

"Mwenye haya nilikuwa mimi."

Lisette, ambaye kwa kawaida huacha mumewe aongee, akasema yeye alijua tangu mwaka wa nne. Vidole vya Ubaldo ni safi kama vya padri, na vya Nereida vina kahawia ya tumbaku hadi kwenye kucha. "Nilidhani wote tunajua," akamwambia Gaston, "nikadhani ni mchezo wenu."

Gaston akainuka, akampita Ubaldo juu ya kigoda chake, akaingia jikoni. Ubaldo hakuthubutu kugeuka. Akasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya rafiki yake, kwa Kihispania chake kibovu.

"Fundi," Gaston alikuwa akisema, kofia mkononi. "Samahani. Miaka yote hii nilikushukuru kwa mihogo."

"Mihogo nayo ilikuwa mizuri," Nereida akajibu. Kisha akapaza sauti: "Eusebio ana majani yangu aliyonitunzia, mwite ayalete. Halafu ushuke hapo. La, usishuke. Kaa hapo hapo usome, hatuwezi kufanya kazi kimya kimya."

Ubaldo akawasomea matokeo ya besiboli, yote, mpaka ya vilabu vya wilaya. Gaston alikaa karibu na meza akitazama vidole vile vikikunja, vikikaza, vikivisha jani la nje kwa mkunjo mmoja, na hakuna jani lililokakamaa. Ishirini zilipokamilika Nereida akavuta kijisanduku cha pete. Gaston akasema zitupwe. Nereida akakataa, karatasi nzuri haitupwi. Akazigeuza, sura ndani, weupe nje, na mumewe akaandika juu ya kila moja, kwa mwandiko wake wa kishule: Nereida.

"Sura yako ibaki ndani," akamwambia bila kumtazama. "Ikumbatie sigara yangu. Si ndiyo uliyokuwa ukitaka?"

Lakini chaveta hakuigonga. Ubaldo alisubiri. Nereida aliifuta, akaifunga kitambaani, akaiweka. Gaston akaomba pia ile ya chura. Nereida akamwonya kwamba forodhani wanahesabu, na ishirini ni ishirini. Gaston akaitia kwenye mfuko wa shati hata hivyo.

Jumapili mchana simu ya Nereida ikalia kwa ujumbe mrefu. Yeye alikuwa mezani na jani mkononi, kwa hiyo Ubaldo akasimama katikati ya jiko na kuusoma. Gaston alikuwa amefika salama, kwao theluji iko mpaka madirishani. Forodhani afisa alihesabu ishirini, akaridhika, kisha akaona mfuko wa shati. Gaston akaungama kwamba hiyo ni ya ishirini na moja, imesokotwa na rafiki yake. Afisa akaigeuza huku na huku, akainusa, akamwita mwenzake, wakashauriana. Wakamrudishia. Wakasema sheria inahesabu sigara, na kitu hicho, kwa heshima zote, si sigara.

Hapo Ubaldo akavuta pumzi na kuendelea: kwamba mbwa wa forodha naye aliletwa, akainusa mara moja, akaketi chini kwa huzuni, na mpaka sasa yuko likizo. Sehemu hiyo haikuwemo kwenye simu.

Nereida hakuinua kichwa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Akaweka jani chini, akaipapasa chaveta pembeni mwa meza, akaishika kwa vidole viwili kama zamani.

Ko, ko. Mara mbili, mkavu.

"Endelea," akasema. "Mbwa alikuwa anaitwaje?"