Foleni ya Kurudisha Zawadi

...na bado yule msichana wa kaunta hajazivua zile pembe za bandia za kulungu kichwani, Krismasi ilikuwa jana, nani atamwambia, mashine yake imegoma na yeye anaipigapiga ubavuni kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga, na foleni ya kurudisha zawadi imefika mpaka kwenye rafu za matairi, na Marlys ameegemea toroli iliyobeba runinga pana kuliko dirisha la jikoni kwake, boksi halijafunguliwa, na upande wa pili wa toroli binti yake Shelby anasema, "Mama, Sajini Pruitt anafika saa sita. Utamwambia nini?" na Marlys anajibu, "Ngoja tumalize hapa kwanza," maana ngoja ndilo neno pekee alilobaki nalo tangu Sikukuu ya Shukrani, alipoambiwa mezani, bata mzinga hajakatwa bado, kwamba mtoto wake wa miaka kumi na saba anataka kuingia jeshini, na kwa umri huo hachukuliwi mpaka mzazi akubali, na mzazi ni yeye peke yake, babaye yuko Arizona na mke mwingine na boti, basi akafanya nini Marlys, akaenda akanunua runinga, alidhani mtoto atakaa nyumbani kwa ajili ya kioo, ndiyo, hivyo hasa ndivyo alivyodhani, na jana asubuhi Shelby akachana karatasi, akatazama, akasema ni nzuri sana, Mama, kisha akasema taratibu, bila ubaya, na kule kutokuwa na ubaya ndiko kulikomchoma, "Lakini mimi nilikuomba ruhusa, sikukuomba runinga," na leo wamekuja kuirudisha... "Dada, ngoja nikushikie huku, linaning'inia hilo," ni mzee aliye nyuma yao, ameweka chini kikaangio chake cha umeme na kuinua kona ya boksi kwa mikono miwili, "Asante, mzee, usijisumbue," "Sijisumbui, sina pa kwenda, mwanangu kaniletea kikaangio cha tatu hiki, sijui anadhani nakaanga tembo," na watu wanacheka, mbele na nyuma, hata mama mwenye mtoto anayelia anacheka, na mwanamke mwingine anamvalisha mtoto yule glavu yake nyekundu mkononi ili achezee, anyamaze, na mtoto ananyamaza kweli, na Marlys anawaza, watu wema hawa, mmoja mmoja ni wema mpaka unataka kulia, ndiyo maana huwezi kuelewa, ukishawajumlisha wakawa nchi wanakuwa kitu kingine kabisa, kitu chenye mdomo tu... na juu ya kaunta ule ukuta wa runinga, zote zinaonyesha kitu kimoja, zote zimezimwa sauti, mji fulani una moshi, jina lake limepita chini ya kioo kabla hajalisoma, watu wanachoma bendera, bendera yake, kama ile ya kibarazani kwake ambayo kibandiko chake kinasema imeshonwa ng'ambo, labda na hiyo inayoungua imetoka kiwanda kilekile, cherehani ileile, kisha watu na moshi wao wanaondoka na linakuja tangazo la magodoro, mwanamke anaruka juu ya godoro akifurahi, na hakuna hata mmoja katika foleni aliyeinua kichwa, nchi hii, Mungu anisamehe, inaijua dunia kwa njia mbili tu, kwa kibandiko cha ndani ya kola na kwa vita, ya tatu haipo, hakuna anayekwenda kuwasalimia watu, na bendera tumeiweka kwenye sahani za karatasi, kwenye kaptura za kuogelea, kwenye vitambaa vya kufutia mafuta ya nyama mdomoni, halafu tunashangaa wao wakiichoma... "Mama, unanisikia?" "Nakusikia, mwanangu," na dunia nayo inatujuaje, muulize Duane, mdogo wake Marlys, aliyekwenda Iraki na chunusi bado usoni, akarudi na ukimya, siku moja tu alisema, wamekaa gereji mvua inanyesha, akasema, "Dada, kulikuwa na bibi mmoja alitukaribisha chai. Vikombe vidogo hivi, sukari tele. Juma lililofuata tukaja alfajiri tukauvunja mlango wake. Tulikosea nyumba. Unajua alifanya nini? Hakupiga kelele. Alinitambua," na Marlys akamletea nini, akamletea kiti kipya cha kulalia, chenye mahali pa kuweka kinywaji... na hapahapa, katika duka hilihili, karani alimwambia Duane asante kwa kulitumikia taifa letu, akampunguzia bei ya soksi, na watu wa nyuma wakapiga makofi, na Duane akaziacha soksi juu ya kaunta akatoka bila koti lake, karani wa watu akamkimbilia nalo mpaka nje kwenye theluji, hakuwa na kosa, alisema alichofundishwa kusema... na huyu Sajini Pruitt anayeandikisha vijana jeshini, angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi, lakini alipokuja mara ya kwanza alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akachuchumaa kumsalimia mbwa wao kipofu, akala mkate wa ndizi, akaosha sahani yake mwenyewe, nani siku hizi anaosha sahani ya mwenyeji, akasema, "Ataiona dunia, mama. Atasomeshwa. Atarudi mtu mwingine," akampa Shelby fulana ya bure na chupa ya maji ya bure, vya bure, na Marlys aliyelelewa katika maduka alipaswa kujua kitu cha bure kiko hapo kwa ajili ya nini, hata njia ya kutoka dukani wameipitisha katikati ya bidhaa, na huyo mtu mwingine atakayerudi, nani aliwaambia anamtaka... "Nijibu basi," Shelby anasema, sauti imepanda kidogo, "hapa nitafanya nini? Nivae zile pembe?" na anaonyesha kaunta kwa kidevu, na mzee wa kikaangio anageuza uso upande, anajifanya kusoma boksi, kwa heshima, na Marlys anajua ni kweli, mama yake mwenyewe alifunga skurubu za mashine za kufulia katika kiwanda kilichokuwa kule mtoni, kiwanda kikahamia ng'ambo, pakajengwa ghala, na katika ghala hilo Marlys anatia kwenye maboksi vitu vinavyotoka ng'ambo, na maboksi yanakwenda kwenye nyumba, na nyumba zinayaleta kwenye foleni kama hii, ndiyo kazi, ndiyo nchi, ati nambari moja, na macho yake wakati huu wote, sasa ndipo anayakamata, macho yake yamekwenda kwenye rafu ya kompyuta, yanachagua, ile ya rangi ya fedha, nyembamba, wakirudisha runinga watapewa hiyo, ataiweka mezani kabla ya saa sita... Yesu wangu, bado ananunua, yuko kwenye foleni ya kurudisha na bado ananunua, babaye alipoondoka alinunua trampolini, paka alipokufa alinunua baiskeli, alipomkatalia kambi ya majira ya joto alinunua simu, kila hapana aliyompa mtoto huyu ilikuja na boksi, hapana tupu hajawahi kumpa, hata moja, mtoto angejuaje kwamba mama anaweza kumkatalia kitu na mikono iko mitupu, basi na iwe leo, hapana, bila kompyuta, bila sababu nzuri, haitadumu, Agosti atafikisha kumi na nane na hatahitaji mama, ni hapana ya kufika Agosti tu, na atamchukia, atafunga mlango wa chumba kwa kishindo mpaka mbwa alie, na akiuliza tena hapa nitafanya nini, atamwambia sijui, mwanangu, sijui kabisa, lakini hutauvunja mlango wa bibi wa watu, si kwa ruhusa yangu, na Sajini atavaa viatu vyake kwa adabu, ataaga, atakwenda nyumba nyingine... "Samahanini jamani, inawaka tena, dakika moja tu!" anasema msichana wa kaunta, na foleni inaguna, haisogei, na Marlys ananyoosha mkono juu ya boksi anaushika mkono wa binti yake, baridi, kucha zimetafunwa kama alipokuwa mdogo, na Shelby anamtazama, anatafuta usoni mwake, na uso wake mwenyewe unafunguka, amedhani ni ndiyo, masikini, huo upole wote wa ghafla ungeweza kuwa nini kingine, anambana mama vidole kwa nguvu, ananong'ona, "Asante, Mama," na Marlys hamsahihishi, sio hapa, sio mbele ya watu, anaendelea kuushika mkono huo unaomshukuru, haulegezi, maana hajui ni lini atapewa tena.