Cheni ya Noreen

Kwetu Cape Breton, kisiwani Kanada, mwenye pikipiki ndiye anayesafisha cheni yake. Noreen alikuwa akiifanya kazi hiyo jioni, cheni ikiwa bado na joto la safari: anasugua kwa brashi, anapuliza mafuta huku akizungusha gurudumu kwa mkono, anafuta yaliyozidi, kisha anaiacha ilale hadi asubuhi. Mumewe, Clarence, aliyajua hayo yote. Ila walikuwa wamegombana, naye akataka kumfurahisha. Alfajiri akaipulizia mafuta mpaka yakachuruzika, wala hakufuta. Noreen akaondoka bila kujua. Kwenye kona ya kanisani tairi la nyuma likateleza, akaanguka na kuvunjika mtulinga, mfupa wa begani.

Clarence alipokwenda kuichukua pikipiki aliyaona mafuta kwenye tairi. Akayapangusa kwa kitambaa, na kitambaa akakitia kwenye jiko la kuni. Mwanamume mzima, ana wajukuu.

Tangu siku hiyo akawa mume mwema kupita kiasi. Alipika, alifua, alimkatia mkewe nyama.

"Mie nimekwisha, Clarence," Noreen alikuwa akisema, machozi yakimlengalenga. "Kona ile naipita tangu usichana."

"Pole, mke wangu," alijibu, na kila pole ilimchoma.

Jumamosi akaja Lorne, mwenzao wa safari, kuitazama pikipiki. Noreen alikuwa ameamua kuiuza. Lorne akachuchumaa gerejini, mume na mke wamesimama kando, akagusa cheni, akajitazama kidole.

"Bibi wewe, hii ulikuwa unaipaka mafuta au unaikaanga?"

Noreen akainama kutazama. Uso ukamshuka.

"Basi nilisahau kufuta," alisema polepole. "Mnaona? Hata akili imeanza kuniondoka."

Clarence alishindwa kuvumilia.

"Ni mimi. Niliipaka asubuhi ile. Sikufuta."

Lorne akakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani, akaaga.

Noreen alimtazama mumewe. Kisha akasema, "Mafuta nimekusamehe. Najua ulitaka kunifurahisha. Lakini wiki mbili nalia kwamba nimezeeka, nawe umekaa hapo unanipa pole. Hilo sijui nikusamehe vipi."

Akaanza kushusha mlango wa gereji kwa mkono wake mmoja mzima. Clarence akasogea amsaidie.

"Acha," alimwambia. "Naweza."