Mwangalizi Aliyeingia Saa Nne

Jumamosi asubuhi mwalimu wa uraia alipanga madawati ya maktaba nusu duara, akaweka mbele ya kila mwanafunzi kibao cha nchi ya kubuni, akagonga meza kama mwenyekiti. Baraza la maigizo likaanza. Katika kisa chao, wadukuzi walikuwa wamezima kompyuta za hospitali tisa za nchi moja, jirani yake akishukiwa, na kufikia saa sita azimio lilitakiwa lipite kwa kauli moja.

Saa nne akaingia mdogo wake mwalimu, miguu peku, amevaa gauni la wagonjwa. Alikufa miaka miwili nyuma, katika hospitali ambayo kompyuta zake zilizimwa hivyohivyo. Faili lake halikufunguka, akawekewa damu ya kundi lisilo lake. Hadi leo hakuna aliyeulizwa kuhusu kifo hicho.

“Shikamoo mama, karibu,” alisema mwanafunzi wa mlangoni, akampa kiti.

“Dada, nataka kusema.”

Mwalimu akamwonyesha karatasi ya kanuni. “Wewe ni mwangalizi, mdogo wangu. Mwangalizi haombi nafasi.” Kanuni hizo alizichapa mwenyewe.

“Basi wasinifute tu.”

Rasimu ya azimio ilikuwa na mstari mmoja uliosikitikia vifo vya wagonjwa. Wengi waliutaka. Ila nchi iliyoshukiwa iliwakilishwa na binti waliyemwita Wakili, na loo, huyo binti ana ulimi!

“Tukikubali vifo, tumekubali muuaji,” alisema bila kupepesa macho. “Tuandike usumbufu.”

Wakavutana hadi saa sita kasoro dakika tano, midomo ikawakauka, wakamgeukia mwenyekiti. Angeweza kukataa; kalamu alikuwa nayo yeye. Moyo ulimuuma vibaya sana. Lakini watoto walijiandaa mwezi mzima, na mwenyekiti hana upande. Akapiga mstari kwenye neno “vifo”, akaandika “usumbufu” juu yake.

Mdogo wake aliinuka, akasoma akiwa begani kwake.

“Kwa hiyo nilisumbuka.”

“Kwenye karatasi, ndiyo.”

“Haya, dada.”

Azimio likapita. Wakili akatangazwa mwanadiplomasia bora, mwalimu akatia sahihi cheti chake na kumpa mkono. Maktaba nzima ilipiga makofi, na marehemu naye akapiga, maana alilelewa vizuri.

Walipobaki wawili, mdogo wake aliuliza kama Jumamosi ijayo kuna kikao.

“Kipo,” mwalimu alisema huku akilia. “Ila mada ni nyingine.”