Programu ya Dobi na Ndege wa Makumbusho

Wateja walimwita Profesa, na si kwa sifa. Mtu mwenye mvi anayepiga pasi huku akinong'ona masomo ya kompyuta lazima apewe jina, na hilo ndilo lililomkaa. Alikuwa dobi, mwenye duka la kufulia nguo pamoja na mkewe. Kila jioni, saa ile wateja walipoanza kumiminika kuchukua nguo zao, yeye alitundika mkoba begani akaenda zake kwenye darasa la watu wazima.

Mwaka wa kwanza mkewe alivumilia. Wa pili akaanza kuuliza maswali. Lilipotangazwa shindano darasani, wakawekeana sharti: akitengeneza kitu kinachofanya kazi kweli, ataendelea na masomo; kikimshinda, jioni zake zinarudi dukani.

Shindano lilikuwa la kubuni programu kwa kutumia data huria za viumbe hai. Mwalimu wa jioni alieleza kuwa duniani kote kuna watu wanaoandika wamemwona mnyama au mmea gani, na mahali gani, na kwamba kumbukumbu hizo zimewekwa wazi ili yeyote azitumie. Akawagawia na maelekezo. Yalikuwa marefu. Dobi aliyaombea, akayakunja vizuri kama shati la mteja mwenye makuu, akayaweka.

Programu yake haikuwa na mambo mengi: unaandika jina la ndege, nayo inakuonyesha kwenye ramani anapopatikana kwa wingi. Aliitengeneza kwa jasho na kwa magoti. Ilipokwama alisali, ilipokubali akamshukuru Mungu kwa sauti hadi mkewe akamwomba awahurumie majirani. Ilipokamilika ikatoa jibu la ajabu. Hondohondo, korongo, bundi, hata tai, wote walikuwa wamejazana mahali pamoja, hapo hapo mjini, nyuma ya jengo la makumbusho. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza tai anatafuta nini katikati ya mji. Dobi hakujiuliza. Alichukulia kwamba Mungu amewasogeza ndege karibu ili mtumishi wake asihangaike na nauli.

Jumamosi akafunga duka, akamwambia mkewe avae viatu vya kutembelea. Mama mkwe akasema naye haachwi. Wakafika wote watatu, kofia kichwani na chupa za maji mkononi. Nyuma ya makumbusho palikuwa na maegesho ya magari, pipa la taka, na paka aliyelala juu ya boneti.

"Mkwe," mama mkwe akauliza akimtazama yule paka, "ndege wenyewe ndio huyu?"

Dobi akasema wasubiri, ndege wana haya. Wakasubiri mpaka jua likawa kali. Mwishowe alikuwa anamwomba Mungu angalau kunguru. Kunguru naye hakutokea.

Aliyetokea ni mtunza makusanyo, mwanamke mpole mwenye koti jeupe, aliyetaka kujua wanamngoja nani. Alipoonyeshwa ramani kwenye simu alielewa papo hapo, akawaingiza ndani na kuvuta droo. Walikuwamo hondohondo, korongo na bundi, wamelala chali, wamejazwa pamba, kila mmoja na kikaratasi mguuni. Tai alikuwa na droo yake peke yake. Mwanamke yule akaeleza kwamba wengi waliletwa na watu wa zamani ambao hawakuandika wamewatoa wapi. Kwa hiyo kumbukumbu zao zilipoingizwa kwenye kompyuta, waliandikiwa mahali wanapohifadhiwa. Akaongeza taratibu kwamba kwenye maelekezo ya shindano, ambayo makumbusho yalisaidia kuyaandika, jambo hilo liko ukurasa wa kwanza.

Mkewe alikuwa bado ameinamia droo.

"Ndege wapo, baba," alisema. "Hukutudanganya. Ila wamekufa."

Mama mkwe alicheka njia nzima.

Dobi angeweza kunyamaza. Ramani ilikuwa na rangi za kupendeza, na majaji wasingekwenda kuchungulia maegesho. Alipiga magoti aombe kufunguliwa njia, lakini kila alipofumba macho alimwona yule tai na pamba zake. Akainuka, akayakunjua maelekezo, akayasoma mpaka mwisho. Muda wa kurekebisha chochote ulikuwa umeshapita.

Siku ya kuwasilisha, alionyesha ramani, kisha akasimulia alichokikuta makumbusho.

"Waheshimiwa, mimi ni dobi," alisema. "Dukani kwangu sasa hivi mna sare ya polisi, gauni la bibi harusi na kanzu ya padri. Mtu akizihesabu nguo, ataandika kwamba kwangu wanaishi polisi, bibi harusi na padri. Programu yangu imewafanyia ndege hivyo hivyo."

Ukumbi ukacheka. Jaji mmoja akamuuliza kama hakupewa maelekezo. Akajibu kwamba alipewa, na aliyaombea. Wakacheka zaidi, naye akacheka nao, ingawa masikio yalikuwa yanamuwaka.

Hakushinda. Walishinda vijana waliotengeneza programu ya kutambua vyura kwa milio yao. Dobi hakutajwa hata kwenye shukrani.

Kesho yake, saa ya darasa ilipofika, alikuwa nyuma ya kaunta akimtafutia mteja suruali yake. Mkewe akamuuliza anafanya nini hapo.

"Sharti ni sharti, mama. Imenishinda."

Mkewe akaiweka pasi pembeni. "Ukiishia hapa, mama yangu atakusimulia mpaka kwa wajukuu, mkwe aliyetuvalisha kofia tukatazame ndege waliokufa. Mimi siwezi kuishi na hadithi hiyo. Nenda ukatengeneze nyingine, na safari hii usome kwanza."

Dobi alitaka kupiga magoti pale pale ashukuru. Mkewe akamsukumia mkoba, akamwambia atashukuru njiani, wenzake wameshaanza.