Pamoja na Chupa

Mwaka wa tatu wa Uhuru, wenye kiwanda chetu cha dawa ya kikohozi, pale karibu na Kilindini, walituandikia kutoka Uingereza. Mimi, karani, ndiye niliyewafasiria wenzangu: wakubwa wamechoka na hasara, kiwanda kitauzwa pamoja na mashine, chupa na wafanyakazi.

Watu wakashusha pumzi, nami nikajiona nimefasiri barabara. Lakini Bi Mwanabaraka, mbandika lebo wetu wa miaka mingi, akaweka chini brashi ya gundi.

"Tutauzwa, Dishon?"

"Ndivyo walivyoandika, Bi. Lakini usihofu, kazi hatutakosa."

"Kwetu sisi, wa mwisho kuuzwa alikuwa nyanyangu," akasema. "Naye hakukosa kazi hata siku moja."