Kipimo cha jiwe la kufulia

Marehemu bwana wetu Asani alikuwa fundi wa kushona, na katika mtaa wote wa Cité Albert hakuna mtu aliyemrudishia nguo kwa sababu ya kipimo. Alikutazama tu ukipita barabarani, na ulipofika kibarazani kwake tepe ilikuwa ya kuthibitisha. Naanza na neno hilo kwa kuwa ndilo lililonitesa. Mtu asiyekosea kola ya mtoto hawezi kukosea jiwe la kufulia la nyumbani kwake.

Jiwe lenyewe lilikuwa uani, limeegemea ukuta wa jikoni: bamba nene la simenti lenye mifereji, limelazwa juu ya nguzo mbili za matofali. Alilijenga kwa mikono yake. Niliposhuka Élisabethville kutoka Kasongo, kabla ya vita ya Wazungu, nimeletwa kuwa mke wake, nililikuta tayari, na siku ya kwanza nilipoliegemea ukingo wake ulinifika chini ya matiti. Mimi ni mfupi. Nilifua nikisimama juu ya kisanduku cha sabuni kilichopinduliwa, na kisanduku kilipooza nilitafuta kingine. Nilimwomba alipunguze lile jiwe.

"Tutaona, Amida," alisema.

Hatukuona.

Vita ilipokwisha akamuoa Feza. Feza alizaliwa hapa hapa mjini. Baba yake aliuza vitambaa kibaraza cha pili kutoka cha bwana wetu, kwa hiyo Asani alimjua tangu alipokuwa msichana, kabla ndugu za bwana hawajaenda kunitafuta mimi. Tena ni mrefu, Mungu amempa shingo na miguu. Siku aliyoingia uani nilimtazama anavyosimama mbele ya jiwe, nikajijibu mwenyewe: kumbe huyu ndiye aliyekuwa akingojewa. Mimi niliolewa kwa mapenzi ya ukoo; jiwe lilijengwa kwa mapenzi yake mwenyewe. Nilisali sala zangu zote miaka hiyo, na wazo hilo lilisali pamoja nami.

Asani alikufa wakati wa mvua. Tulikaa eda pamoja, Feza na mimi, chumba kando ya chumba, na mvua ile ikatuonyesha hali ya jikoni. Nyumba ni ya zamani, katika zile za kwanza za Cité. Malata ya paa yalikuwa yametoboka, meko ya udongo yamepasuka, kuta zimekuwa nyeusi kama tako la sufuria. Maji ya kufulia nayo, badala ya kwenda barabarani, yalirudi kusimama mlangoni, na watu wa usafi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta maji yaliyosimama. Eda ilipokwisha tulikubaliana neno moja tu, kwamba tujenge upya.

Jirani yetu Abibu, fundi wa matofali, alitoa kichwa juu ya ua wa matete.

"Bamama, ile kazi nitaifanya bule. Marehemu alikuwa ndugu yangu."

Maneno aliyatuma kwangu, macho kwa Feza. Hata mjane hana amani. Na mjane asiyetazamwa ana amani haba zaidi.

"Bule ya Abibu iko na mukia," nilisema. "Tutajenga siye wenyewe."

"Bajane babili na sururu moja." Akacheka. "Nitaleta kiti nitazame."

"Leta," alisema Feza, "utakula vumbi yetu."

Tulianza na jikoni. Tulishusha malata yaliyooza, tukasugua masizi kwa majivu na mchanga mpaka maji yaliyotiririka yakawa kama wino. Udongo wa kichuguu tuliubeba kichwani kutoka nyuma ya Cité, tukauponda, tukauchanganya na majivu, tukajenga meko mapya yaliyoinuliwa kutoka chini, ili mpishi asipige magoti mbele ya moshi. Sakafu tukaitia simenti. Abibu, kiti chake kikiwa tayari uani kwake, alitutupia timazi juu ya ua, akasema ukuta wetu una ulevi. Tulipima, tukakuta kweli umelewa, tukaurudia.

Kazi ilikwenda, lakini roho yangu haikwenda nayo. Feza aligusa boriti bila ngazi. Alipigilia msumari huku mimi nikimpa misumari kutoka chini kama mtumishi wa kanisani anayempa padri vyombo. Kila aliponyoosha mkono nililikumbuka jiwe.

Ndipo tukafika mahali pa kufulia.

"Hii tutaivunja," nilisema.

"Hapana, Yaya." Feza, aliyeniita dada mkubwa hata tulipogombana, aliliwekea mkono kama mtu anayezuia mlango. "Tutatengeneza mufereji ya maji tu. Ile jiwe iko kazi ya mukono yake. Tuiache."

"Najua juu ya nini unaitaka. Iko kipimo yako."

"Kipimo yangu?" Aliweka karai chini. "Yaya, miye kila nikifula mugongo inakatika. Angalia." Akasimama mbele ya jiwe, akajikunja kama anayetafuta sindano. "Alijenga hii juu yako, kwa kipimo yako. Miye nilikuta kintu yako, ndiyo maana ata siku moja sikusema."

"Juu yangu, na nafula nasimama ku kisanduku?"

"Nilizania unapenda kuwa murefu."

Abibu alicheka nyuma ya matete. Mimi sikucheka. Miaka yote nilimwona Feza akiinama pale, nikafikiri ni madaha, kiuno cha kuonyeshwa. Sasa nilitazama ukingo wa jiwe: ulimgusa chini ya nyonga, mahali ambapo hakuna mwanamke anayeweza kufua. Fundi Asani hakukosea vipimo. Kama si changu, na si chake, basi ni cha nani? Swali hilo lilibisha hodi, sikulifungulia.

Jiwe likabaki hivyo, halijavunjwa wala halijatengenezwa, na sisi hatusemeshani ila kwa habari ya chumvi. Siku hizo ndipo alipokuja mgeni.

Alishuka kwenye lori la samaki la Kasenga, akiwa na kapu kichwani. Mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, si mrefu wala si mfupi. Alivua viatu mlangoni.

"Naitwa Nkandu," alisema. "Nilisikia Asani alikufa. Kwetu habari inafika na lori, sawa na chumvi. Munisamehe, nimechelewa kulia."

Tulimkaribisha kama inavyopasa. Feza alimtandikia mkeka, mimi nikaweka chai kwenye mbabula ya makaa kwa kuwa meko yalikuwa bado mabichi. Alilia kidogo, kwa adabu, akatusifu kwa kazi ya jikoni. Kapu la samaki wakavu alitupa lote, kwa ajili ya matanga. Kisha akasema mikono yake inanuka safari, akainuka kwenda kunawa.

Mgeni huuliza maji yako wapi. Huyu hakuuliza. Alizunguka pembe ya jikoni moja kwa moja, akanyoosha mkono kushoto bila kutazama, mahali ambapo ndoo yetu hukaa. Nilimfuata nikiwa na taulo, na Feza alikuwa pale ameshika mwiko wa simenti.

Nkandu alinawa, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakisuuza juu ya jiwe. Alisimama wima. Viwiko vilikunjika vyenyewe. Ukingo ulimpokea pale pale tumboni, kama kola inavyopokea shingo. Hakupanda juu ya kitu, hakuinama. Feza aliacha simenti idondoke kwenye mguu wake na hakuifuta.

"Mama Nkandu," nilisema, "unaijua ile jiwe?"

"Ah. Bado iko." Akapitisha kiganja juu ya mifereji. "Asani alinipima na tepe, hapa hapa, siku matofali ilifika. Nilimucheka. Nani anapimia bibi jiwe?"

"Bibi?" Feza aliuliza.

"Nilikaa naye zamani, mbele yenu. Hakubaambia?" Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, bila ubaya wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Haiko kintu, bandugu zangu. Nilifula hapa kiangazi moja tu. Kisha nilirudia kwa mama yangu."

"Alikufukuza?" Mungu anisamehe, nilitamani aseme ndiyo.

"Asani? Hapana. Alilia." Akakamua kitambaa chake. "Alinipima kiuno, miguu hakupima. Miguu yangu ilikuwa inataka muto ya kwetu, Luapula."

Tulimpa bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo. Alifanya alama ya msalaba wake, akala vizuri, akaulizia mtu anayeuza nyuzi za nyavu mjini. Jioni tulimsindikiza mpaka penye lori kama wanawake waliofundishwa. Nilimtakia safari njema kwa moyo wote, hasa safari.

Tulirudi nyumbani. Uani Feza alikaa juu ya kisanduku changu cha sabuni, magoti yakamfika kidevuni.

"Alilia, Yaya."

"Nilisikia."

"Siku nilikasirika nikaenda kwa baba yangu, miye alinitumia tu mutu na kilo ya sukari."

"Mbele yangu," nilisema, "ni moshi ya hii jiko peke yake ilimuliza."

Alinitazama. Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha kupendeza. Miaka yote nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa akivunjika mgongo, na yeye alimwonea wivu mwanamke wa kisanduku, na wote wawili tulikuwa tukifua suruali za Asani juu ya tumbo la mtu mwingine. Nilihisi wivu wangu wa zamani unahama nyumba, unapakia mizigo, unapanda lori la Kasenga. Haukupungua hata kidogo. Ulikuwa na nguvu mpya, kama wa bibi harusi.

Feza akainuka, akachukua sururu.

Abibu alitoa kichwa. "Munavunja? Mulisema iko kazi ya mukono ya marehemu."

"Haitufae," alisema Feza.

"Haifae nani kati yenu?"

"Siye babili," nilisema. "Rudia ku kiti yako."

Tulilivunja kwa zamu. Akichoka yeye, nashika mimi. Bamba lilikuwa gumu. Alikuwa amelitia simenti nyingi, mtu yule, amelijenga lisife. Kila kipande kilichoruka kilinipa afya. Vifusi tulivijaza katika lile shimo la mlangoni maji yalipokuwa yakisimama, tukavikanyaga mpaka vikanyamaza, tukachonga mfereji mpya kwenda barabarani.

Kisha tukajenga mawe mawili. Tepe ya Asani ilikuwa bado kwenye msumari wake. Feza alipiga magoti mbele yangu akanipima kutoka ardhini mpaka kiunoni, polepole, akaweka alama kwa ukucha. Nilitazama juu. Nilikuwa nimeishi kwa fundi wa kushona zaidi ya nusu ya umri wangu, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipimia kitu cha nyumbani. Nami nikampima yeye, nikisimama. Tulimwaga simenti katika fremu za mbao, tukalaza matete ili yaache mifereji, tukayatoa kabla haijashika, tukafunika kwa magunia mabichi tuliyoyanywesha asubuhi na jioni.

Magunia yalipotoka nilipita nikitazama tu. Jiwe la Feza lilizidi langu kwa upana, kidole kimoja. Kesho yake Feza alipokwenda kuchota maji kwenye bomba la robine nilipita na tepe. Kidole na nusu. Nimelihifadhi neno hilo moyoni.

Moto wa kwanza katika meko mapya niliuwasha mimi. Nilikivunja kisanduku cha sabuni, mbao zake zilikuwa kavu kwa miaka ya miguu yangu, zikashika mara moja, na moshi ukapanda juu ukatoka bila kumliza mtu. Tulipika samaki wa Nkandu kwa nyanya na bamia. Kabla ya kula nilimwombea marehemu rehema, na Feza akasema amina, lakini niliona naye alikuwa akisaga meno.

Tukaonja. Feza akaonja tena.

"Iko tamu, Yaya," alisema kwa huzuni.

Ilikuwa tamu. Hilo nalo liliniuma.